Jina Lililotupwa Mezani

Kitu cha kwanza Joviale alichokiona ni mguu. Katika bar nzima miguu ya watu ilikuwa ikigonga sakafu kufuata muziki. Mmoja tu, chini ya meza ya dirishani, ulikuwa umetulia kama mguu wa kiti.

Bar hiyo ya Muhumba, mtaa wa Bukavu, iliitwa Irlande. Mwalimu Muirlandi aliyeifungua aliupaka mlango rangi ya kijani, akawafundisha wanamuziki kukaa wakiizunguka meza moja, bila jukwaa, fidla itangulie na wengine wafuate. Aliporudi kwao alimwachia funguo Joviale, mwosha glasi, kwa sababu hakuwahi kuvunja hata moja. Joviale aliiendesha bar kwa macho. Akiinua nyusi, ni ndiyo. Wateja walimtania kwamba ulimi wake ameusahau kwenye friji.

Jumapili hiyo, akilipia Fanta yake, mwenye mguu ule aliuliza kwa upole kama mpiga fidla ni mtu wa kule vijijini Walungu. Joviale aliona haya kumnyima mgeni jibu. Akainua nyusi.

Mgeni alipokwisha kutoka ndipo alipotambua alichofanya. Mpiga fidla, ambaye wote walimwita Papa Violon, alikimbia Walungu baada ya kuwataja mbele ya kijiji watu walioiba ng'ombe na kumuua mlinzi wao. Mkewe, Eulalie, alikuwa amemwomba Joviale jambo moja tu: asijue mtu kwamba mumewe yuko hapa. Joviale alitaka kumwambia Papa Violon siku ile ile. Alifuta glasi. Kesho yake pia alifuta glasi.

Jumapili ya tatu mgeni alirudi, akamwita mwimbaji Gérard, akamtia noti mfukoni. Hilo halikumshangaza mtu. Bukavu ukitoa kitu, mwimbaji hulitupa jina lako ndani ya wimbo, au la rafiki yako, na mwenye jina husimama, akapigiwa makofi. Lakini Joviale aliiona midomo ya mgeni ikikaribia sikio la Gérard, akaacha kaunta. Alichelewa.

"Élie, mutoto wa Walungu," akaimba Gérard, "simama tukuone!"

Miaka miwili hakuna aliyemwita Papa Violon kwa jina lake. Mwili uliitangulia akili: alisimama, upinde wa fidla juu, meno yote nje. Kisha tabasamu likamfia usoni. Watu walishangilia. Mgeni naye alipiga makofi, polepole, akatoka na kuiacha Fanta bila kuifungua. Barabarani pikipiki mbili ziliwaka.

Papa Violon aliumaliza wimbo, akailaza fidla kitini, akapitia mlango wa jikoni. Nyumbani hakufika.

Siku ya nne Eulalie alikuja, akakaa kando ya fidla ile bila kuigusa. Gérard aliapa akilia kwamba alitupa jina kama anavyotupa mengine yote.

"Weye haukujua hata jina lake," Eulalie alimwambia. Akamgeukia Joviale. "Lakini ule mutu alijua aje kuja kumutafuta hapa? Mwanangu, weye unaonaka vyote. Nani alimuonyesha?"

Joviale aliweka glasi chini.

"Ni miye, maman," alisema. "Aliniuliza, nikainua nyusi. Na wiki mbili zote nilijua, nikanyamaza."