Agosti Haitoshei Kwenye Grafu

...mwisho ishirini, anasema, grafu uiwekee mwisho ishirini, na kidole cha Awinja kinaning'inia juu ya kitufe, bosi wake Lazarus amesimama nyuma ya kiti ananuka chai ya tangawizi, hapa ofisini Kakamega ambako kazi ya Awinja ni kuchora grafu, "Laini yako inatisha, Awinja, wageni wakiona Agosti imeruka hivyo si watashtuka?", na washtuke, anataka kusema, hao ni watu waliokatwa kwa panga, nukta za miezi yote zinatambaa huko chini kisha Agosti hiyo, juu, peke yake, na ndani yake yumo kaka yake Willis, mkata miwa wa Ekero, mchana kweupe anakula obusuma, ugali wetu, na wenzake kando ya shamba, vijana wa kukodiwa wanaruka kutoka kwenye lori wakipiga kelele kwamba miwa ina mwenyewe mwingine, wanamnyang'anya panga lake, wanamkata nalo, mkono kwanza kwa sababu aliuinua, halafu shingo... Awinja ndiye aliyeufunga ule mkono kwa leso kabla mama hajafika mochari, "Ni ka-amri kadogo tu," anasema Lazarus, "ylim, ile ya kuwekea grafu kikomo, sifuri, koma, ishirini, tunafanyanga hivyo kila mara, hatufuti kitu, data si iko kwenye faili?", ndiyo, iko, lakini kinachozidi ishirini hakichorwi, asubuhi alijaribu na kompyuta ikamwandikia kwa wino mwekundu, mstari mmoja wa data umeondolewa, hivyo tu, bila pole, na pengine huyu mzee hajui, amesahau Willis ni nani, msamehe, ana mambo mengi... "Hata mimi nilikuja mazishini, najua inauma, ndiyo nataka usiwe unaiangalianga," kumbe anajua! alikaa kwenye hema letu akala ingokho, kuku wa matanga, akamshika mama mkono, anajua yuko nani kwenye hiyo nukta na bado anasema ishirini, na damu inampanda Awinja kichwani, anageuka, anaiona shingo nene ya Lazarus juu ya kola, anaona skrini ikipasuka usoni pake, vioo machoni, panga, ndiyo, panga, amkate na yeye asikie, amkate tena, na Lazarus anainua mkono kuonyesha kwenye skrini, "Hapo, ikatie hapo," mkono tu, umeinuliwa, wenye saa na vinyweleo vya mvi, na katika kichwa chake Awinja tayari ameshaukata, unaanguka, na vidole vinavyojikunja sakafuni ni vya Willis... Mungu wangu, ni mimi nimeruka kutoka kwenye lile lori, ni mimi... anapumua, ile hamu ya kuua inamtoka polepole kama homa, na mahali ilipokuwa pamebaki kitu kigumu, kitulivu, hakimuogopi mtu, hata Lazarus, hata kufukuzwa, "Awinja, unanisikia? Wageni wako getini," anamsikia, anamsikia vizuri sana, "Nimesikia, bosi," anasema, "waingie, nitawaambia aliye kwenye nukta ya Agosti anaitwa nani."