Buti za Sura ya Tisa

Kikundi chetu cha kusoma kilikuwa na watu saba, na kila Jumatano saa nane mchana tulikutana maktabani. Maktaba yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa kanisa, nami, Edwige Thibodeau, nimekisimamia miaka ishirini na miwili. Kwa kawaida tulisoma riwaya za mapenzi, au maisha ya masista waliofariki zamani. Lakini Februari ile Delphine Comeau, mwenye kuku wengi kuliko mtu yeyote hapa Anse-Grise, alikuja na riwaya aliyoinunua mjini Yarmouth. Ilikuwa ya kutisha, ya kumtafuta muuaji, na mambo yake yote yalitokea kijijini.

"Someni ukurasa wa kwanza tu," alisema. "Halafu mniambie kama hicho si kijiji chetu."

Kilikuwa chetu. Jina lilikuwa limebadilishwa, lakini kanisa la mbao lenye mnara ulioinama kidogo upande wa bahari lilikuwa letu, na tuta refu la udongo linalozuia maji ya chumvi yasiingie kwenye majani ya ng'ombe lilikuwa letu pia. Msichana anatoka nyumbani jioni moja ya Oktoba na haonekani tena. Kisha kwa jioni tatu mfululizo taa inatembea juu ya tuta bila mtu kuonekana, na anayeifuata harudi. Mwandishi aliitwa C. L. Hart, jina ambalo hakuna aliyelijua.

Niliposoma hivyo nilimtazama Alcide.

Alcide wa Médard, tunavyomwita kwa jina la baba yake, alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki mpaka kilipofungwa, hakuoa, na alijiunga nasi kwa sababu, alivyosema, televisheni yake ilikufa. Dada yake Léonie alipotea Oktoba ya mwaka 1968, akiwa na miaka kumi na tisa. Polisi walitafuta siku tisa, mwishoni wakasema amechukuliwa na maji. Hapa kwetu bahari hupanda na kushuka kwa urefu wa nyumba, kwa hiyo hakuna aliyebisha.

Wenzetu walipoondoka nilimbakiza.

"Alcide, hiki tunaweza kukiacha. Delphine atanielewa."

"Kwa nini tukiache?"

"Unajua kwa nini."

Alikuwa anafunga vifungo vya koti, taratibu kama kawaida yake. "Edwige, miaka hamsini nikiingia mahali watu wananyamaza. Nipe nakala yangu."

Tukaanza. Kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza na sisi tulikibishania kwa Kifaransa chetu, sura mbili kila wiki. Niseme kweli, sijawahi kuona kikundi kikisoma hivyo. Delphine alianza kuwafungia kuku wake saa tisa mchana, jua likiwa bado juu, maana hakutaka giza limkute bandani. Prudent Saulnier, aliyefundisha hesabu shuleni miaka thelathini, alichora jedwali la washukiwa, nani alikuwa wapi saa ngapi, na kila Jumatano alikuja na mtu mpya wa kumtia hatiani. Bibi Marie-Osite, mwenye miaka themanini na minne, hakuogopa hata kidogo. Alichokasirikia ni mzimu.

"Mzimu gani huu hauombewi misa hata moja? Sura ya sita sasa. Padri wao anafanya kazi gani?"

"Padri ndiye namba tatu kwenye orodha yangu," Prudent akasema.

"Wewe utamshuku hata mama yako."

"Mama yangu hayumo kitabuni."

Alcide alicheka nao, ila mwenyewe alisema machache, na karibu yote yalihusu maji. "Saa hiyo bahari haiwezi kuwa imejaa, mwezi ukiwa hivyo," alisema mara moja. Prudent akaenda kutazama jedwali la maji kujaa na kupwa, akakuta kweli, akamwondoa mshukiwa mmoja.

Hivyo ndivyo tulivyofika sura ya tisa, katikati ya Machi, theluji chafu ikiwa bado pembeni mwa barabara. Msichana wa kitabuni anaondoka nyumbani. Anaviacha viatu vyake kwenye ngazi, anavaa buti za kaka yake, na kwa kuwa ni kubwa anajaza magazeti sehemu ya vidole. Nilikuwa nasoma kwa sauti. Nilipoinua macho nilimwona Alcide amekifunga kitabu chake na kukiweka sakafuni.

"Zilikuwa buti zangu," alisema.

Tulidhani amechanganyikiwa.

"Léonie aliondoka na buti zangu. Viatu vyake vilikuwa kwenye ngazi, na kipande cha gazeti kimeanguka karibu na mlango. Mimi ndiye niliyeamka wa kwanza, nikavificha. Baba angeona angesema nimemsaidia. Polisi nikawaambia buti zangu zilianguka baharini kutoka mashuani. Sijamwambia mtu. Si mama, si padri, hakuna."

Prudent aliliangalia jedwali lake kama mtu aliyegundua limeandikwa kwa lugha nyingine. "Basi aliyeandika hiki kitabu ndiye..."

"Nyamaza, Prudent," Bibi Marie-Osite akasema.

Delphine ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini. "Na taa, Alcide? Ile haikutoka kitabuni. Mimi niliiona. Nilikuwa na miaka tisa, dirisha letu liliangalia tuta."

"Taa ilikuwa mimi. Polisi walikuwa wakirudi nyumbani kula, na mimi nikishakula nilitoka na kandili kumtafuta. Sikutaka baba anione, basi nilitembea upande wa chini wa tuta na kuishika juu, mbele yangu." Akanyanyua mkono wa kushoto kutuonyesha. "Jioni ya nne nikasikia watu dukani wanasema ni roho yake. Nikaacha."

Delphine alimkodolea macho. "Miaka hamsini nazunguka barabara kuu kwenda kwa dada yangu ili nisipite tuta lile. Kwa ajili yako?"

"Nisamehe."

"Kilomita tatu, Alcide. Kwenda tu."

Wakacheka wote wawili, halafu Delphine akafuta macho kwa mtandio wake, nasi tukafunga mapema.

Wiki ile niliandika barua kwa wachapishaji wa kitabu, mjini Halifax. Niliiandika mara nne. Mwishoni nikabaki na maneno machache: kwamba katika kijiji chetu yupo mzee ambaye buti za sura ya tisa zilikuwa zake, na kwamba angependa kujua mwandishi alizisikia wapi. Nikaweka namba yangu ya simu.

Tulikaa wiki tano bila jibu. Kikundi hakikuendelea na kitabu, maana Alcide alikataa. "Huko mbele anauawa," alisema. "Siendi." Basi wote tukasimama pale pale, isipokuwa Prudent, aliyekimaliza kwa siri na kutembea na uso wa mtu aliyekula peke yake.

Simu ilipigwa Jumamosi asubuhi nikiwa nafua. Mwanamke aliniuliza kama mimi ndiye Edwige, kwa Kifaransa chetu chenyewe, kile cha bibi zetu, lakini kimekwama kidogo kama mlango usiofunguliwa mara nyingi. Alisema anaitwa Corinne, kwamba ndiye C. L. Hart, na anakaa Waltham, jimbo la Massachusetts. Kisha akauliza, "Huyo mzee ni Alcide? Bado yuko hai?"

Nikakaa kwenye ngazi ya chini, nguo zikidondosha maji.

Alikuja mwezi wa Mei. Nilimwambia Alcide kila nilichokijua, nikamshauri wakutane nyumbani kwake, wawili tu. Alikataa. "Kitabu tulikisoma pamoja," alisema. "Aje Jumatano."

Alipoingia hakuhitaji kutambulishwa. Alikuwa na paji la uso la Médard, pana na la kishupavu, kwenye mwili wa mwanamke wa miaka hamsini aliyevaa koti la mvua. Alikuwa amekuja na mfuko wa karatasi, ameukumbatia kifuani. Alcide hakuinuka.

"Mama yako alifariki?"

"Ndiyo, mjomba. Miaka mitatu iliyopita, Novemba."

Alcide alihesabu kwa vidole. "Sitini na saba, basi. Mimi nilimhesabia kumi na tisa."

Corinne akavuta kiti akaketi mbele yake, akatueleza bila kupamba. Léonie alikuwa na mimba. Médard alikuwa na maneno yake mezani, kwamba binti yake akizaa bila ndoa, yeye atamhesabu amekufa. Léonie akayaamini maneno hayo kama yalivyo. Alijificha kwa mjane Zélie, ng'ambo ya kinamasi, siku nne, mpaka Zélie alipopata gari la kumpeleka Yarmouth kwenye meli. Zélie naye alikufa mwaka 1980 na siri yake mdomoni. Kule Waltham Léonie alifanya kazi kiwanda cha saa, akamlea binti yake, na jioni alimsimulia habari za kijiji chenye taa inayotembea. Msichana wa hadithi kila mara alikufa. Corinne alikuwa mkubwa alipojua huyo msichana ni nani.

"Taa aliiona wapi?" Alcide akauliza.

"Dirishani kwa Zélie. Jioni zote tatu."

"Alijua ni mimi?"

"Alijua. Alisema hakuna mwingine anayeshika kandili kwa mkono wa kushoto."

"Nilikuwa namwita."

"Alisikia, mjomba."

Alcide akainuka akatoka nje bila kofia. Nilimfuata na koti lake, nikamkuta amesimama kwenye ngazi za ukumbi, anatazama maegesho ya magari. Sikuwa nimewahi kumwona na hasira, na sikuitambua mara moja, kwa sababu sauti yake ilikuwa ile ile.

"Mita mia mbili," alisema. "Angefungua dirisha tu. Ningembebea mzigo mpaka Yarmouth."

"Alikuwa na miaka kumi na tisa, Alcide."

"Baadaye hakuwa na kumi na tisa. Baba alikufa mwaka themanini na nne."

Corinne alikuwa amefika mlangoni nyuma yetu, akasikia. "Nilimuuliza hilo hilo," alisema. "Alisema ukikaa kimya muda mrefu, aibu ya kunyamaza inakuwa kubwa kuliko aibu ya kwanza. Alikuandikia barua. Hakuzituma." Akampa mfuko wa karatasi.

Alcide aliupokea, akaukunja mdomo mara mbili ili upepo usiingie, akautia ndani ya koti. Hakuufungua mbele yetu, na sijui barua zile zilisema nini. Kisha akamuuliza mpwa wake kama amekula.

Hakuwa amekula. Delphine alikuwa ameoka râpure, viazi vya kukunwa na kuku, sinia zima, akidai alikuwa nayo tu nyumbani. Tukala palepale kati ya rafu. Hapo ndipo Prudent alipopata nafasi yake.

"Muuaji nilimjua ukurasa wa themanini," alimwambia Corinne.

"Mhariri wangu alisema ukurasa wa sabini."

"Na bahari yako inajaa wakati si wake," Alcide akaongeza, mdomo ukiwa na chakula. "Sura ya nne. Mama yako angekuambia."

Corinne alikaa wiki moja nyumbani kwa Alcide, na Agosti Delphine akamwendesha Alcide hadi Waltham, siku mbili barabarani. Alcide aliporudi nilimuuliza kaburi la dada yake liko vipi. Akasema pana kivuli, na kwamba jirani yake ni Mreno mmoja.

Kilichobaki ni jiwe la bandarini, lenye majina ya waliochukuliwa na bahari. Jina la Léonie lilikuwa pale tangu 1969. Alcide alikwenda kwenye kamati ya parokia akaomba lifutwe. Wakamdai karatasi, akawapa nakala ya cheti cha kifo kutoka Massachusetts, wakakubali. Bibi Marie-Osite, aliye kwenye kamati hiyo, alisumbuka kwa jambo lingine kabisa.

"Misa za waliozama, kila Novemba, miaka hamsini tumemwombea," alisema. "Zote zile zimekwenda wapi?"

"Si alikuwa anaishi vizuri?" Alcide akamjibu. "Zilikuwa zinamfikia."

Fundi alikuja Septemba na saruji ya kijivu ya kuziba jina. Alcide alimshikia ndoo.