Frankfurt Imepanda

Lourdes Pangilinan alikuwa akilehemu nyaya za kifaa cha kusikilizia mizinga ya nyuki pale bosi wake, Anneke Reimer, alipoachana na kiti na kuanza kupaa. Asubuhi hiyo soko la hisa la Frankfurt lilikuwa limepanda, na mwekezaji wa kampuni yao changa, hapo mjini Waterloo, alikuwa Mjerumani.

"Devinder! Frankfurt imepanda!" Anneke akaita.

"Najua. Niko kwenye taa," akajibu Devinder, aliyeianzisha kampuni pamoja naye. Alikuwa chali chini ya dari, akila donati. Kyle wa mauzo, aliyeajiriwa juzijuzi tu, akapita juu ya mashine ya kahawa akipiga mbinja.

Lourdes akavua miwani, akainua mikono, akangoja. Akaruka kidogo. Akatua palepale.

"Mbona mimi siinuki?"

"Wanaoinuka ni wenye hisa, dada Lourdes," akasema Anneke.

"Si uliniambia nami nimo? Tangu enzi za gereji ya mama yako!"

Anneke akabiruka polepole, nywele zikaning'inia. "Nilisema tutaliangalia."

"Na Kyle je?"

"Kyle ameandikiwa hisa kwenye mkataba."

Lourdes alitaka kukasirika, lakini Kyle alikuwa amenasa kwenye feni, akizungushwa huku akicheka kama mtoto anayetekenywa, na kicheko kikamtoka yeye pia.

Adhuhuri njaa ikawauma. Lourdes akawafunga kamba viunoni, akawapitisha mlangoni mmoja mmoja, akatoka nao barabarani kama muuza maputo. Upepo ukawapeperusha. Wakapigana vikumbo, wakaimba.

"Frankfurt?" akauliza mwenye duka la shawarma, bila kuacha kukata nyama.

"Frankfurt."

"Jirani zenu wameinuliwa na Tokyo. Wako juu ya paa la benki, wanataka pilipili nyingi."

Kwenye kivuko, wakisubiri magari yapite, Lourdes alizitazama kamba. Akaachia kidole kimoja, kisha cha pili. Zikateleza kiganjani.

Huko juu Anneke akapiga yowe la furaha. "Tena, dada Lourdes! Tuachie tena kidogo!"

Lourdes akazizungushia kamba mkononi, akazikaza, akavuka. Vifaa vya nyuki vilivyoagizwa na Frankfurt vilikuwa bado vinamngoja avilehemu mchana ule.