Siku Ishirini na Tano Bila Maji

Bi Mgeni wa Mtaa wa Swahili, pale Kariakoo, aliosha wafu kwa miaka thelathini na moja, na mwenyewe alioga kila siku mara mbili, Ijumaa mara tatu. Sasa mwambie mtu kama huyo asiguse maji. Nani atathubutu?

Alithubutu sista Severa, nesi wa mionzi pale hospitali ya Ocean Road. Alimchora Bi Mgeni mistari ya zambarau kifuani, upande lilipokatwa titi kwa saratani, akamweleza kwamba hapo ndipo mashine inapolenga, siku ishirini na tano, Jumatatu hadi Ijumaa, na maji yasifike. Bi Mgeni akaitikia vizuri kabisa. Ijumaa iliyofuata akaingia bafuni na dodoki lake, akatoka anang'aa, mstari hata mmoja haupo.

Swaumu, binti yake wa pekee, muuza mitumba wa Mchikichini, alilia mbele ya nesi bila haya. Mwaka mzima alikuwa anafungua kibanda na kukifunga kwa kufuata kitanda cha mama: kulazwa kwa upasuaji, kulazwa kwa dripu za dawa, kulazwa tena damu ilipopungua. Severa akachora upya, akasema safari hii mistari ikifutika mgonjwa anarudi mwisho wa foleni, na foleni ni ya miezi miwili. Daktari alikwishasema ugonjwa ule hautasubiri hata mmoja.

Basi Swaumu akawa askari wa mistari. Kila Ijumaa jioni alimtoa mama wodini, alikolazwa kwa mionzi, hadi Jumapili, akampangusa mwenyewe kwa kitambaa, kiunoni kushuka chini. Kilichomuuma mama, nyie acheni tu, ni sabuni. Ile miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni ya kufulia, yeye aliosha maiti kwa majani ya mkunazi matupu. Leo ruksa ya kuingiza bidhaa za nje imekuja, Kariakoo nzima inanukia sabuni za Dubai, za pinki na za kijani, na yeye ananuka jasho kama mchukuzi wa bandarini. Alilalamika wee, wiki nne nzima.

Jumamosi moja, zikiwa zimebaki siku tano, Bi Sitara akafariki. Huyo ndiye aliyeosha pamoja na Bi Mgeni tangu ujana wao, mmoja anamimina maji, mwingine anasugua, na mtaani hapakuwa na mwanamke wa tatu aliyeijua kazi ile. Binti wa marehemu alipokuja kupiga hodi, Bi Mgeni alikuwa keshajifunga kanga ya kazi.

Swaumu akasimama mlangoni, akaziba njia. Alimkumbusha mama mistari, akamkumbusha foleni, akamwambia mwosha akimaliza naye huoga, atafanyaje? Bi Mgeni akaifungua ile kanga ya kazi, akamfunga yeye.

"Haya. Mikono iwe yako."

Swaumu aliogopa maiti tangu utotoni, pazia la kuoshea alikuwa hajalivuka hata siku moja. Lakini angekataa, mama angepita. Akaenda.

Bi Mgeni aliketi kwenye kigoda, mbali na maji, akaanza kuelekeza. Hakuwa yule wa wodini aliyegombana na uji. Sauti ilishuka kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Mfunike kitovuni hadi magotini, usimwache wazi. Maji yaonje kwanza kwenye mkono wako, yasimchome. Anza kichwa, kisha kulia, ndipo kushoto. Na kila Swaumu alipotaka kumgeuza marehemu, mama alitangulia kumwomba ruhusa: Sitara, tunakugeuza, shoga yangu, tuwie radhi.

Karafuu maiti ikanukia. Hofu ikamtoka Swaumu, asijue imemtoka saa ngapi. Jamani, alistaajabu! Miaka yote alidhani mama anafanya kazi ya kutisha, kumbe ni heshima anayompa mtu asiyeweza hata kusema asante. Alimtazama yule mwanamke wa titi moja pale kigodani, akaona ni mkubwa, mkubwa hasa, na yeye ameishi naye nyumba moja bila kumjua.

Njiani kurudi Bi Mgeni alisema maneno mawili tu: mwosha huoshwa. Swaumu aliyaelewa papo hapo, akalia hadi nyumbani.

Ijumaa iliyofuata mionzi ikatimia. Sista Severa akasema sasa kaoge, mama. Swaumu akanunua sabuni ya pinki, akamketisha mama uani juu ya kigoda. Akayaonja maji kwenye mkono wake. Akaanza kichwa, kisha bega la kulia, taratibu, kimya. Mistari ikayeyuka, maji ya zambarau yakashuka tumboni.

"Mama, nakugeuza," alisema kwa sauti ya chini. "Niwie radhi."

Bi Mgeni akamshika mkono.

"Umejifunza vizuri, mwanangu. Ila miye bado ni mzima. Nisugue kwa nguvu, na uanze popote."

Swaumu akacheka huku analia, akamsugua kwelikweli, mpaka povu likamwingia mama machoni na mama akamtukana.