Bodi Chini ya Chapati

Mimi Akur sipendi kukosolewa, na Semei hajui kunyamaza. Tunatumia meza moja ya ufundi hapa mtaani Gudele, kwa hiyo Mungu naye ana utani wake.

Pampu ya sola ya Lemon Gaba, anakochota maji shangazi yangu Adau, ilikuwa imekufa wiki mbili. Programu ndani ya kidhibiti chake ilizima na kuwaka upya kila sekunde mbili. Ili tuone kosa, tulihitaji adapta ya kuunganisha chipu yake na kompyuta, isome kila kitu kabla sekunde hizo hazijaisha. Tuliyokuwa nayo ilidai leseni kwa intaneti kila asubuhi, kisha ikasoma kwa mwendo wa kobe. Nikaamua tuunde yetu, na mchoro wake tuugawe bure kwa yeyote.

Kilichobaki ni kuchagua bodi ya kielektroniki ya kuijengea. Nilichagua yenye chipu ya kasi kuliko zote, kwa sababu nilisomea Eldoret na nilitaka ijulikane. Semei akapinga.

"Dada, mimi iko naona chipu inakimbia. Lakini mulango yake ya USB ni ya pole pole. Tanki kubwa, mpira kadogo, maji itatoka namna gani?"

Nilimwambia arudi kwenye majenereta yake aliyozoea kutengeneza, ila kwanza aende Sherikat kupokea bodi yangu kutoka basi la Kampala. Alirudi mpole kuliko kawaida.

Kule Lemon Gaba nilichomeka bodi yangu mbele ya foleni nzima ya mitungi. Ilisoma theluthi moja, sekunde mbili zikaisha, ikakwama. Nikarudia mara kumi, theluthi ile ile. Shangazi Adau, ameketi juu ya mtungi wake, aliniuliza kama hiki ndicho nilichosomea. Niliona aibu, na hasira zaidi ya aibu.

Semei akafungua mkebe wake wa chapati. Chini ya chapati, ndani ya mfuko wa plastiki, palikuwa na bodi ya pili: chipu ya wastani, mlango wa USB wa kasi. Alikuwa ameiagiza siku ile ile nilipoagiza yangu, ikaja na basi lile lile, akijua basi jingine lingechukua wiki.

Ilisoma yote kwa sekunde moja. Kosa lilikuwa la kijinga: programu iligawanya kwa sifuri kila kihisi kilipokosa kujibu. Nikalirekebisha, maji yakatoka, na Semei akagawa chapati.

Mchoro wetu sasa uko wazi mtandaoni. Penye sababu ya kuchagua bodi hii, niliandika "Semei alisema," nikafuta mara tatu. Mara ya nne niliyaacha maneno hayo, maana maji ya kikombe kilichokuwa mkononi mwangu yalitoka Lemon Gaba.