Chumvi Iliyojificha Pipani

Jumapili, tarehe 12 Machi mwaka 2017, theluji ya mkoa wa Aomori ilipoanza kulainika, Kinue alifungua banda la nyuma ya nyumba. Humo alikuwa ameweka pipa la maji ya bahari aliyoyateka kabla ya baridi, akiba ya tangi la samaki wake wawili. Katikati ya baridi maji yaliganda juu. Sasa barafu yote ilikuwa imeyeyuka. Nao samaki walikuwa wakihema kwa shida, wakihitaji maji mapya siku hiyohiyo.

Alichota kikombe juujuu, akaonja. Yalikuwa karibu kama ya kisimani!

"Mama, chumvi ya humu umeipeleka wapi?" alimtania mama mkwe wake, Fusae.

"Nimeitia kwenye supu yako ya asubuhi! Hebu onja na ya chini kabla hujaniita mwizi."

Kinue alizamisha mpira mwembamba wa maji hadi chini, akavuta kwa mdomo. Uso ulimkunjamana kwa ukali wa chumvi, Fusae akacheka hadi akashika mlango.

Kinue hakucheka. Alikumbuka barafu ya baharini aliyoilamba utotoni, ambayo haikuwa na chumvi. Kumbe maji yakiganda huiacha chumvi chini, na barafu ikiyeyuka, maji yake mepesi huelea juu. Angemimina yale ya juu, angewaua samaki.

Akakoroga kwa mpini wa fagio mpaka juu na chini pakawa na ladha moja, kisha akayapasha joto karibu na jiko na kuyamimina tangini. Jioni samaki walikula.

Nawe msomaji, mpashe habari hii kila mwenye pipa la namna hiyo: akoroge kwanza.