Shati Lililofungwa hadi Shingoni

"Siye!" nilipiga kelele, nikaruka kutoka kwenye kochi na simu mkononi. "Siye, siye, siye! Jamani, hebu angalieni shati!"

Ndivyo nilivyokuwa, usishangae. Nyumbani waliniita Redio, tena redio isiyo na kitufe cha kuzima. Habari ikinifikia lazima itoke, na inatoka na mikono yote miwili. Nimeangusha vikombe, nimempiga shangazi kibao cha bahati mbaya, nimewahi kutoa miwani ya mtu usoni nikisimulia harusi. Kaka yangu alikuwa akisema, "Huyu mfunge mikono tu, atakuwa bubu."

Sasa kaka mwenyewe alikuwa mle ndani ya simu, amekaa mbele ya ukuta mweupe, anasoma maneno ambayo sisi hatukuyaona yalipoandikwa. Alitaja jina lake na kikosi chake. Akasema ametekwa na anatendewa vizuri. Akasema vita hivi ni vya wakubwa, vijana wenzake waweke silaha chini warudi kwa mama zao. Sauti yake ile ile, nzito kidogo asubuhi. Kovu lake lile lile juu ya nyusi. Lakini alikuwa amevaa shati la samawati, limefungwa vifungo vyote, hadi kile cha shingoni.

Na kaka yangu hakuwahi kufunga kifungo cha shingoni. Kamwe! Hivyo vilikuwa vita vya nyumba yetu kabla hatujajua vita vingine. Baba ni mwalimu wa udereva, mtu anayefunga shati mpaka koo hata jua likiwaka la kuyeyusha lami. "Funga shingo," alikuwa akimwambia kaka kila asubuhi mlangoni, "unaonekana mhuni." Na kaka anajibu, "Baba, nikifunga nashindwa kumeza mate." Anafunga mbele ya baba, anafika getini anafungua. Nilikuwa nikichungulia dirishani kusubiri hicho kidole gumba kifanye kazi yake.

"Ni ya kughushi," nikawatangazia. Nilikuwa nimetoka chuo cha mawasiliano mwaka ule ule, na kazi yangu ya kumalizia ilihusu nini? Video za kughushi! Nikajitwisha uprofesa papo hapo sebuleni. Nikawaonyesha kope, meno, kivuli cha sikio. Nikawaeleza jinsi kompyuta inavyolishwa uso na sauti ya mtu, halafu inamsemesha chochote. "Na hao mafundi wa adui wamesahau kitu kimoja," nikamaliza, "hawakumjua kaka na shingo yake."

Baba alifumba macho akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. "Si nilisema? Mwanangu hawezi kusoma karatasi ya adui."

Mama alinyoosha mkono, nikampa simu. Akaondoa sauti, akaangalia tena kimya kimya. Mama alifundisha watoto wa awali maisha yake yote, wale wanaokuja shule na kamasi na viatu vya kushoto kulia.

"Huyu hakujifunga," akasema. "Amefungwa na mtu."

"Mama?"

"Tazama kidevu. Mtoto ukimfunga shati hunyanyua kidevu hivi, akakisahau juu. Hapa ndiyo kwanza ametoka kufungwa." Akagusa kioo kwa ncha ya kidole. "Na mikono hajaitoa hata mara moja. Nani kamfunga vifungo? Mikono yake ina nini?"

Uprofesa wangu ukaniishia mdomoni kama barafu.

Nirudi nyuma kidogo. Siku kaka alipokwenda kujiandikisha jeshini, sisi chuoni tulikuwa tukibishana darasani usalama wa taifa ni kitu gani. Wengine walisema ni mipaka, wengine mitandao, mmoja akasema ni vijana kupata kazi, akapigiwa makofi. Vita kwetu vilikuwa kitu cha kwenye simu. Unatazama droni ikishuka juu ya lori, unasogeza kidole, unamkuta dada anafundisha kusuka nywele, unasogeza tena. Nikampigia kaka nimletee mjadala wote, na yeye alikuwa kwenye foleni ya kupimwa afya.

"Wewe unasemaje?" nikamuuliza. "Taifa ni nani?"

"Mimi nimekaa miaka na cheti cha ufundi kabatini, Redio, usiniulize maswali makubwa."

"Jibu bwana!"

Akacheka. "Taifa ni wewe na kelele zako. Wakiniuliza nalinda nini, nitasema nalinda zile kelele. Nchi itakayowavumilia watu kama nyie ni nchi salama."

Niliwasimulia wenzangu kama mzaha. Tulicheka sana.

Siku ya pili baada ya video, alikuja mgeni. Suti safi, viatu vya kimya, na tabasamu lisilobanduka. Moyoni nikambatiza Bwana Tabasamu. Alitoka ofisi ya habari za vita. Akakataa chai, akasema amesikia binti wa nyumba hii ni msomi wa mambo haya haya, na kwamba tayari ameshaona kasoro.

Nani alimwambia? Mimi, nani mwingine. Nilikuwa nimeshasimulia mtaa mzima.

"Tunataka useme tu ulichokiona," akasema. "Kwenye taarifa ya habari. Dada mtu, msomi, kijana. Watu wanaamini vijana."

"Na tukisema ni yeye?" mama akauliza.

"Mama yangu, nchi yetu haina askari aliyetekwa. Tumeshatangaza hivyo. Akiwa ni yeye, basi ni askari aliyesema maneno ya adui, na hilo lina sheria zake."

"Na tukisema siye?"

"Basi mwanao ni shujaa."

"Shujaa aliye wapi?"

Bwana Tabasamu alitabasamu.

Alipoondoka, baba akasema hakuna la kujadili. Mama akanifuata jikoni, akafungua bomba maji yatiririke ndiyo aseme. "Siku moja watabadilishana watu, vita vyote huishia hapo. Na anayebadilishwa ni mwenye kwao. Ukimkana mbele ya nchi nzima, mwanangu, ataitwa na nani?"

"Nikisema ni yeye, watamshtaki."

"Wamshtaki akiwa hapa," mama akasema. "Nitampelekea chakula."

Asubuhi baba alinipeleka kwa gari lake la mafunzo, lile lenye breki mbili. Njiani kila tulipofika kwenye makutano mguu wangu ulikuwa ukikanyaga ile breki ya upande wangu, na yeye hakunikemea.

Ndani ya kituo cha televisheni walinipaka poda. Wakaniketisha mbele ya kamera, baba akabaki kwenye korido. Fundi akaniambia niongee chochote, wapime sauti. Chochote! Mimi! Nikaongea, we acha tu. Nikawasimulia harusi ya miwani, nikahesabu, nikataja miezi, wakaniambia geuka kushoto, geuka kulia, tabasamu, nyamaza, sasa sema tena. Nilidhani ndiyo kazi ya watu makini.

Kisha taa nyekundu ikawaka, na nilichopanga kikapeperuka chote. "Ni kaka yangu," nikasema. Mikono ikaruka, nikagonga ile maiki ndogo kifuani ikatoa mlio. "Nilisema siye, nilikosea. Ni yeye, yuko hai, ila mikono yake inaumwa, mtu anamvalisha shati. Tafadhali mrudisheni. Ni wa kwetu." Nikacheka kile kicheko changu cha woga kinachotokaga pabaya, halafu nikalia.

Nilingoja Bwana Tabasamu, aliyesimama nyuma ya kamera, anikaripie. Alinipa karatasi laini nijifute. "Asante, dada," akasema. "Tumepata tulichohitaji."

Jioni tulikaa wote watatu mbele ya televisheni. Nikatokea. Blauzi yangu ile ile, poda ile ile. Nimenyooka kama msumari, mikono imelala mapajani, sauti yangu inatiririka taratibu bila kikwazo. "Huyu si kaka yangu. Nimesomea jambo hili. Kaka yangu hafungi kifungo cha juu, sisi wa nyumbani tunajua. Ni uongo wa adui. Kaka yangu ni shujaa."

Nilihisi kama mtu aliyepita mbele ya kioo, kivuli chake kikakataa kupita naye.

Baba akanishika bega. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Umetutoa aibu, mwanangu."

"Baba, siyo mimi! Sikusema hivyo, nilisema—"

"Nimekuona kwa macho yangu."

"Hata video ya kaka uliiona kwa macho yako!"

Hapo akainuka akaenda chumbani. Mama hakuwa ametoa macho kwenye televisheni, ingawa walishahamia habari za mpira.

"Yule msichana ametulia mno," akasema. "Siye."

Basi nikaanza kuzunguka kusema. Dukani, kanisani, msikitini kwa majirani, chuoni kwa mwalimu wangu, popote palipo na sikio. Na hapo ndipo nilipojua jinsi mtu anavyozibwa mdomo huku anaongea. Nikisema ile video yangu ni ya kughushi, wananijibu, "Kweli kabisa, siku hizi wanaghushi kila kitu, kama ile ya kaka yako." Mwenye duka alinipa soda ya bure, ya mdogo wa shujaa. Rafiki yangu wa bweni alinitumia ujumbe mmoja tu: umewezaje kumkana damu yako? Nikamwandikia kurasa na kurasa. Hakujibu. Usiku nilikuwa nafanya kitu cha kijinga: naiangalia ile sura yangu iliyotulia, nawaza huko aliko kaka wamemwonyesha.

Kwa sababu wangemwonyesha. Si ndiyo kazi ya video kama hizo? Kumwonyesha mtu kwamba hana kwao.

Mvua zilipokatika wakabadilishana watu. Hawakuitwa mateka, waliitwa "vijana wetu waliopotea njia". Mama alisimama tangu alfajiri kwenye uzio ambako mabasi yaliingia, mimi kando yake. Wakashuka, kila mmoja akiitwa na wa kwao. Mabasi yakaisha, uwanja ukafagiliwa. Mama akasema twende, miguu inawaka moto.

Yule kijana mrefu alikuja nyumbani wiki hiyo hiyo. Alisimama mlangoni ameinama kwa ajili ya urefu wake, akauliza kama hapa ndipo kwa Redio. Mwenzetu, nilimvuta ndani kwa mkono. Jina lile halikuwa kwenye taarifa yoyote.

Alikaa kwenye ncha ya kochi. Akatuambia walikuwa chumba kimoja na kaka. Lori lao lilipigwa na droni likawaka, na mikono ya kaka iliungua. Vidole vikapona vimekunjana, haviwezi kushika kitu. "Siku ya kurekodi walitaka awe nadhifu. Wakaleta lile shati, wakaniamuru nimfunge mpaka juu. Nikamwambia, samahani ndugu, najua hupendi. Akanyanyua kidevu, akasema funga tu, mama ataelewa."

Mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesahihisha daftari la mtoto aliyepata.

"Na yangu?" nikauliza. Sauti ilitoka ndogo. "Alionyeshwa?"

"Tulionyeshwa wote. Waliileta kwa makusudi, wakakaa kumtazama usoni." Yule mrefu akanitazama, akaitazama mikono yangu, ambayo muda wote huo ilikuwa ikipepea hewani bila mimi kujua. "Alicheka, dada. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka mle. Akasema, huyo siye. Mdogo wangu hawezi kukaa hivyo hata akifa. Wakampiga kwa kile kicheko, lakini alicheka."

Nilitamani kuwe na mahali pa kuishusha habari ile, nikakosa. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na habari nisiyotaka kumpelekea mtu.

"Mbona hakuja nanyi?" Sauti ilikuwa ya baba. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa korido, sijui tangu lini, shati limefungwa hadi kooni kama kawaida yake.

Kijana mrefu akainuka kwa heshima. "Mzee, walisoma majina yaliyoombwa kutoka huku. Lake halikuombwa. Alibaki peke yake chumbani."

Nje mtu alikuwa akijaribu kuwasha pikipiki, inakataa, anajaribu tena.

"Basi sasa," mama akauliza, polepole, "nani anamfunga vifungo?"

Yule mrefu akaangalia vidole vyake. Baba akaja akakaa kwenye kochi karibu naye. Mkono wake ukapanda shingoni, ukahangaika hapo kidogo kama mkono wa mtu asiyeizoea kazi ile, kifungo cha juu kikafunguka. Akakaa hivyo hivyo, shingo wazi, anajaribu kumeza mate.